Stelingi Hafi: Mtazamaji Anadai Nini, Mwandishi Ampe Nini

Aliyekulia kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea picha, anaijua sheria hii kabla hajajua kusoma: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatumbukizwa mtoni, lakini picha haiishi akiwa amelala chini. Ndiyo maana mwandishi wa tamthilia akimuua mhusika mkuu katika sehemu ya 40, simu za kituo hazipumziki, na chini ya kila kipande kilichowekwa mtandaoni maneno ni yale yale: mmetuharibia, tumeacha kuangalia. Mwandishi naye hujitetea kwa neno moja, uhuru. Mjadala huanzia hapo na mara nyingi hufia hapo hapo, kwa sababu kitu kinachogombaniwa hakijatajwa na upande wowote.

Kitu chenyewe ni ahadi. Kila filamu huweka ahadi na anayeitazama, tena huiweka mapema: kwenye jina, kwenye kava, kwenye wimbo wa mwanzo na katika dakika kumi za kwanza. Ukifungua kwa kichekesho, mtu anaketi kucheka. Ukifungua kwa maiti ufukweni, anaketi kumtafuta muuaji, na hatakusamehe ukimaliza dakika tisini bila kumtaja, hata ukimpa machweo mazuri namna gani. Yasome malalamiko ya watazamaji wa Kiswahili moja moja, bila hasira, utaona ni machache yanayosema "msiandike hili". Mengi yanasema "mlituambia mtatupa kile, mbona mmeleta hiki?"

Soko la Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, liliwahi kuivunja ahadi hiyo kwa makusudi, na kila mtu alijua kwa nini. Enzi za DVD, hadithi moja ilikatwa Part 1 na Part 2, kila diski na kava lake na bei yake. Nyama ya dakika themanini ilibidi ivutwe ijaze diski mbili. Basi gari linapiga honi getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, anabisha hodi, na hapo bado neno la kwanza la sini, yaani onyesho, halijatamkwa. Diski ya kwanza inakatika katikati ya ugomvi, mwenye kutaka kujua mwisho arudi dukani. Watazamaji waliposema picha za nyumbani zinachosha, wasanii wengi walisikia dharau kwa vyao na mapenzi kwa vya Wanaijeria na Wakorea. Mtazamaji alikuwa anapiga hesabu tu: amelipa mara mbili kuangalia geti likifunguliwa.

Mtazamaji huyu ana malezi yake pia. Kwa miaka mingi picha za nje zimemfikia kupitia mtu wa katikati, msimuliaji anayeongea juu ya picha: Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro Kenya, maveejay wa Kampala. Hawa hawakutafsiri mazungumzo peke yake. Walimbatiza mhusika jina la mtaani, walimwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, walimsuta mke mkorofi, na kila penye kimya walipajaza. Aliyezoea kusindikizwa hivyo akikutana na kamera iliyotulia dakika mbili juu ya mama anayepepeta mchele, anadhani sauti imekatika. Si haki kumwita mshamba. Ila hilo si kusema kimya kipigwe marufuku; kipe kazi. Kabla ya kimya kirefu, mtie mtazamaji swali moja la wazi moyoni. Mama anapepeta mchele, simu iko ukingoni mwa mkeka, inaita, anaitazama, hapokei, anaendelea kupepeta. Dakika mbili hizo hizo, na hata mtoto atanyamaza.

Yako madai ambayo mwandishi hana budi kuyatii, na hayagusi uhuru wake hata kidogo. Hayo ni madai ya usahihi. Hapa ndipo tamthilia nyingi huumbuka, kwa hiyo pastahili kukaliwa.

Chukua salamu. Kipindi cha nusu saa kwenye runinga, ukitoa matangazo, hubaki na dakika 22 hadi 26, na ndani yake huwa na sini kama 14 hadi 18. Watu watatu wakiingia na kusalimiana kama waliolelewa (hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto hawajambo) sekunde 20 zimekwenda. Zidisha kwa sini 15: dakika 5 za hadithi zimeliwa na salamu. Muongozaji aliyejifunzia kwenye skripti za kigeni anazifuta zote, na kesho yake watu wanauliza, "Yule binti anaingia kwa mama mkwe hata shikamoo hana?" Na binti huyo ndiye mliyetaka apendwe.

Unaweza kuanzisha sini baada ya salamu, vikombe vya chai vikiwa nusu. Unaweza kuiacha salamu isikike nje ya picha huku kamera ikiwa kwa mtu mwingine, yule aliyejificha chumbani akisikia sauti asiyoitarajia. Lakini iliyo bora ni kuifanya salamu yenyewe iwe ugomvi: shikamoo inatolewa, marahaba haiji. Sekunde nne tu na sebule nzima imeelewa kuna vita. Kuitupa silaha kama hiyo ili kuokoa muda ni ubadhirifu.

Kanga nazo huzungumza. Mtu wa mavazi anayeazima doti kwa kufuata rangi tu anaweza kuvuruga sehemu nzima, maana siku hizi mtazamaji anasimamisha picha kwenye simu na kulisoma jina la kanga herufi kwa herufi. Mjane wa siku tatu akionekana amejifunga kanga ya kumrushia kijembe mke mwenza, watu watajenga hadithi ambayo hamkuiandika na watadai mwisho wake. Jina la kanga liandikwe kwenye skripti kama mazungumzo yanavyoandikwa. Ikiwa halihitajiki, likunjwe ndani kabla kamera haijawashwa. Na kwa kuwa jina hukaa juu ya pindo la chini, mwanamke aliyejifunga kiunoni husomeka kwa nyuma. Ukitaka kijembe kifike, mpige picha akitoka, usimpige akiingia.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Hadithi ya pwani inayomtoa mjane wa Kiislamu kwenda mkahawani na mchumba mpya baada ya wiki tatu, wanja machoni na hakuna hata jirani anayeshtuka, haijaonyesha uasi wa mwanamke. Imeonyesha kwamba hakuna aliyeuliza. Kama nia ni kumfanya aasi, basi aasi mbele ya watu wanaojua: shangazi anahesabu siku kwa sauti, jirani anachungulia dirishani, yeye mwenyewe anasita kizingitini na kurudi kuvaa baibui. Hapo uvunjaji wa mwiko ni wa mhusika, na mtazamaji atabishana na mhusika. Vivyo hivyo kwa ndoa isiyo na walii wala mashahidi wawili, au mazishi ya Mwislamu yanayosubiri wiki nzima bila sababu kutajwa. Ukiandika familia ya Kikristo ya Moshi au Machakos, maswali hubadilika, ila kazi ya kuuliza ni ile ile. Tenga siku mbili za kukaa na wazee wawili wa sehemu husika, mwanamume na mwanamke kila mmoja peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja mmoja atanyamaza. Uwasimulie hadithi kwa mdomo. Usiwape skripti, wakipewa karatasi watasahihisha tahajia.

Lafudhi huudhi kuliko waandishi wengi wanavyodhani. Baba wa Mombasa anasema ndia, ndoo, mato, kitwa, kwa maana ya njia, njoo, macho, kichwa. Mwanawe aliyelala chumba cha pili anasema kama mtangazaji wa habari wa Dar es Salaam. Mtu wa Mji wa Kale anazima runinga. Kama mwigizaji hawezi, kuna dawa ya bei nafuu: mstari mmoja wa mazungumzo unaoeleza kwamba kijana alilelewa na shangazi yake bara. Mtazamaji wa Kiswahili ni mwepesi wa kukubali maelezo. Asichokubali ni kuona hamkujua kwamba maelezo yanahitajika. Kumlazimisha mtu wa bara aige Kimvita, lahaja hiyo ya Mombasa, kwa siku mbili huleta aibu kubwa zaidi, kwa sababu ataiga maneno na kuukosa mwendo wake.

Usahihi ukishatimia, mabishano mengi hupungua yenyewe. Yanayobaki ndiyo yenye uzito.

Kuna la sebuleni. Kwetu runinga haitazamwi na mtu mmoja; yupo baba mkwe, yupo mtoto wa darasa la nne, yupo mgeni aliyekuja kwa matibabu. Busu la kwanza likitokea, mtu mzima mmoja anakumbuka ghafla kwenda kunywa maji na mwingine anatafuta rimoti. Kenya imeliwekea jambo hili mipaka ya saa: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vipindi vinatakiwa vifae familia nzima, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu hupanga kazi katika madaraja ya GE (ya watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 na 18. Lakini hata pasipo kanuni, mwandishi anayejua sebule yake hahitaji kuambiwa. Jozi mbili za ndara nje ya mlango uliofungwa, kisha alfajiri jozi moja tu: kila mtu mzima ameelewa, mtoto ameona viatu. Wapo wanaosema huko ni kujifunga kamba mwenyewe. Sioni hivyo. Ndara hizo zinaweza kurudi sehemu tatu baadaye mkononi mwa mke halali, na busu haliwezi kufanya kazi hiyo.

Mbinu hii ina mpaka, na mpaka huo ni kipigo. Mwanamume anayempiga mkewe nyuma ya pazia, tukisikia vyombo tu vikivunjika, anakuwa kelele ya jirani. Watu watasubiri wimbo uanze. Hapa mtazamaji akidai faraja, asipewe. Si lazima ngumi ionekane ikitua. Onyesha asubuhi yake: jinsi anavyoshika kikombe kwa mkono wa kushoto, jinsi anavyofunga mtandio chini kuliko jana, jinsi mtoto anavyotembea kwa vidole akipita chumba cha baba. Sini ya namna hiyo isipungue dakika moja na nusu, na isikatizwe na mtu kuingia na utani. Barua za malalamiko zitakuja. Zijibiwe kwa heshima, na sini ibaki.

Sheria nayo. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Kenya ina sheria yake, Sura ya 222. Zote mbili zinataka kibali kabla ya kupiga picha, na maombi huambatana na maelezo ya sini na maneno yatakayosemwa. Kosa linalojirudia hapa halihusu siasa. Ni la kuandika ovyo. Anayekagua anasoma maneno, haioni kamera yako. Ukiandika "wanalala pamoja", kichwani mwake ataiona sini mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Andika kitakachoonekana: "Mlango unafungwa. Ndara jozi mbili nje. Adhana inasikika." Na kilichoidhinishwa ndicho kipigwe, ukibadilisha lokesheni au umri wa mhusika katikati, peleka ukurasa mmoja wa mabadiliko kabla, usingoje kuulizwa.

Kuna wakati hata uandishi mzuri hauokoi. Mwaka 2018 filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilichaguliwa Cannes na kupigwa marufuku nyumbani Kenya mwezi Aprili. Muongozaji alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa sababu haukuonyesha majuto ya kutosha. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Uwe na msimamo wowote juu ya maudhui yake, angalia lililodaiwa. Hapakuwa na kosa la usahihi, na filamu haikuwa imemdanganya mtu juu ya kile inachosimulia. Lililotakiwa ni hadithi nyingine. Na waliojaza kumbi kwa siku saba walikuwa watazamaji vilevile, ingawa kila anayesema "mtazamaji wetu hataki" alikuwa amewasahau katika hesabu.

Mlipaji naye ni mtazamaji, tena mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mashirika yanayogharimia michezo yenye ujumbe hutaka ujumbe usikike, na mwandishi hulalamika kwamba anageuzwa bango. Mfano wa kujifunzia ni Twende na Wakati, mchezo uliorushwa na Redio Tanzania kuanzia mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Hauzungumzwi kwa sababu ya mahubiri. Unakumbukwa kwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu mkewe, aliyefika mahali akaamua kujitegemea. Mtindo wa michezo ya aina hiyo hupanga wahusika kwa makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na anayeyumba katikati. Mzigo wote unamwegemea huyu wa tatu. Basi kanuni ya kazi: neno ambalo mlipaji anataka lisikike, usimpe mwema alitamke. Mpe anayeyumba aliulize, kwa ubishi, na jibu lichelewe sehemu mbili. Mkilitoa jibu hapo hapo kwa mdomo wa daktari aliyevaa koti jeupe, msikilizaji amekwisha kwenda kuchota maji.

Jambo lenye faida kubwa na gharama ndogo, na ambalo wengi hulifanya vibaya, ni kuijaribu kazi mbele ya watu kabla haijatoka. Hollywood wanalo hili zamani. Mwaka 1987 mwisho wa filamu Fatal Attraction ulipigwa upya kwa sababu watazamaji wa majaribio hawakuridhika na wa kwanza, ambamo hawara wa mume wa mtu anajiua mwenyewe. Hatuhitaji ukumbi wala kampuni. Watu 8 hadi 12 wanatosha, kwenye chumba chenye runinga ya kawaida na spika ya kawaida. Wasiwe ndugu, wasiwe waigizaji, na angalau watatu wawe wa umri wa mama zetu. Muongozaji asitoe hotuba kabla. Pilau isitoke kabla. Aliyekula pilau yako hatakwambia ukweli. Mtu mmoja akae nyuma na karatasi yenye dakika pembeni, aandike mambo matatu tu: nani ameshika simu, nani amecheka, nani amemwuliza jirani yake swali. Simu tatu zikishikwa katika dakika moja, hapo pana shimo. Swali kwa jirani lina maana nyingine, kwamba kuna jambo halikueleweka, na mara nyingi tatizo liko dakika tano nyuma.

Simamisheni picha dakika kumi kabla ya mwisho na kila mtu aandike anachodhani kitafuata. Hili ndilo swali lenye dhahabu. Kama wote wameandika mwisho ule ule mlionao, hadithi inatabirika. Kama hakuna hata mmoja aliyeukaribia, hamkupanda mbegu, na watauona umetoka angani. Wawili au watatu kati ya kumi wakiukisia, mko mahali pazuri. "Mmeipenda?" isiulizwe kabisa, hakuna Mswahili atakayekujibu hapana nyumbani kwako.

Maoni ya mtandaoni yasichanganywe na jaribio hili. Anayeandika mara nyingi ameona kipande cha dakika moja, hajaona sehemu nzima, na mwenye hasira ana vidole vyepesi kuliko aliyeridhika. Yana faida moja: ukiona swali lile lile la usahihi limeulizwa na watu wasiofahamiana, shika kalamu. Madai ya fulani aolewe na fulani yaache yaende. Siku wakiacha kuyadai ndiyo ya kuogopa.

Na hata ukitaka kuyatii, uzalishaji una mikono mifupi. Tamthilia ya kila siku hupigwa wiki sita hadi nane kabla ya kurushwa. Sehemu ya 20 ikizua zogo, ya 50 iko tayari kwa mhariri wa picha. Kubadili mkondo hapo kunamaanisha kurekodi mistari upya wakati mwigizaji ametupa mgongo, kuhamisha sini kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na kupiga sini mbili tatu za kuunganisha. Kinachosaliti ni nywele. Mwigizaji aliyekuwa na msuko wa twende kilioni mwezi wa tatu sasa ana rasta ndefu, na sini ya kuunganisha inamwonyesha akitoka mlangoni na kichwa kimoja na kufika uani na kingine. Mwenye kazi ya kontinuiti, yaani kuhakikisha mwonekano haubadiliki kati ya sini na sini, apige picha za kichwa pande nne kila mtindo unapobadilika na aandike namba za sini. Mkataba wa mwigizaji useme msuko haufumuliwi bila taarifa ya siku tatu. Pasipo hivyo, weka kilemba au mtandio karibu. Sini nyingi zimeokolewa na kilemba.

Mkataba na kituo nao ukae sawa kabla ya kamera, maana uhuru usioandikwa huishia kwenye simu ya usiku wa manane. Yaandikwe mambo manne. Nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Kituo kina haki ya kudai mabadiliko mizunguko mingapi, miwili inatosha. Madai yaje ndani ya siku ngapi baada ya kukabidhiwa. Na nani analipia sini itakayopigwa upya. La mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu prodyuza wa kituo akijua gharama ni yake, nusu ya mapendekezo huyeyuka. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, zinamtambua pia mtunzi kama mwenye haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Waandishi wengi hutia sahihi karatasi inayoiondoa haki hiyo bila kusoma ukurasa wa tatu.

Turudi kwa stelingi. Anaweza kufa. Ila kuna namna.

Asife kwa ajali. Gari lililomgonga mtu asiyehusika na lolote ni mwandishi aliyechoka au mwigizaji aliyedai nyongeza, na watazamaji wananusa yote mawili. Kifo kitokane na uamuzi wake mwenyewe, ule ule uliotufanya tumpende: amekataa kumsaliti rafiki, amerudi kumchukua mama yake. Mbegu zipandwe mara tatu, katika sehemu tatu tofauti, kila moja ndogo kuliko mtu anavyoweza kuikumbuka siku ile. Adui asianguke sehemu ile ile kwa radi, wazimu au jini la dakika ya mwisho. Apate alichokitaka kwanza, akikalie, kisha tuone kinavyomwozea mkononi. Hayo huchukua sehemu sita au saba, na hapo ndipo watazamaji waliotishia kuondoka hubaki.

Asife katika dakika mbili za mwisho za sehemu, picha ikiganda na wimbo ukiingia. Watu wetu hawaachi maiti sebuleni. Afe katikati, kisha mpeni msiba: turubai, sufuria kubwa, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani kwenye mikeka, daftari la rambirambi linalozunguka, ndugu wa mbali anayeuliza kuhusu shamba kabla kaburi halijakauka. Sehemu nzima, isipungue. Wakishaona watu wa kwenye picha wakilia vizuri, hawatalia na nyinyi tena. Muulizaji wa shamba ndiye injini ya sehemu zinazofuata, kwa hiyo mwigizaji wake achaguliwe mapema na aonekane angalau mara mbili kabla ya kifo.

Limebaki la wimbo wa mwanzo, ambamo sura ya marehemu bado inatabasamu kila jioni. Ikiondolewa kesho yake, watu watasema mlikuwa mmejiandaa, na watakuwa hawajakosea. Iacheni mpaka arobaini ifike ndani ya hadithi na dua isomwe, kisha iondoeni siku hiyo hiyo. Mkipitisha hapo hata kwa wiki moja kwa uvivu wa kuhariri, wataanza kumsubiri afufuke, na safari hiyo nyinyi ndio mtakaokuwa mmewaahidi.